Karibu Isiyouliza Nani

Karibu ya kwanza Zubeda aliipuuza. Ilikuwa baada ya adhuhuri, wakati wa jua kali ambapo Mwananyamala nzima hunyamaza, watu wamejilaza majamvini na kuku wamejibana vivulini, naye alikuwa peke yake chumba cha mbele akipiga chapa kadi za harusi za jamaa mmoja wa Mkwajuni. Kutoka chumba cha nyuma akaisikia sauti ya mwanawe Najat, nyororo, yenye adabu zake: "Karibu!"

Akatabasamu, akaendelea na kazi. Kisha vidole vikasimama vyenyewe juu ya vibonye. Najat alikuwa shule. Na mashine iliyopaswa kuitoa sauti ile ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Talha aliizima kwa mkono wake kabla hajaenda kazini, akaifunika na kile kitambaa cha maua alichokishona mama yake.

Hapa inabidi tumseme Talha kidogo, maana haya yote ameyaanzisha yeye. Alikuwa mume mwema mwenye ugonjwa mmoja: hakikuingia kitu kipya mjini asitake kukifungua aone kimekaaje ndani. Miaka ile nchi ilishafunguliwa milango, bandarini kunashuka kila kitu, kuanzia mitumba mpaka televisheni, na yeye akajinyima hata akapata kompyuta mbili zilizochoka kutoka ofisi moja ya mjini iliyokuwa ikibadilisha zake kwa hofu kwamba zitaharibika mwaka elfu mbili ukiingia. Moja akaiweka chumba cha mbele, mkewe apige kadi na barua za watu. Ya pili akaiweka nyuma, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mama yake, akavuta waya ukutani kutoka hii hadi ile. Mkewe akadhani yamekwisha. Wiki ya pili Talha akaja na kompyuta ya tatu, na hiyo ya tatu haikuwa na mwili.

"Imo humuhumu," alisema, akiligonga kasha la ile ya nyuma. "Revelian wa kazini kanipa programu. Kompyuta ndani ya kompyuta, Mama Najat! Inajiona ina diski yake, ina kumbukumbu yake, wala haijui kama imo tumboni mwa mwenzake. Kazi yake moja tu, kututunzia vitu. Kadi zako, picha, mafaili yangu, vyote vinakaa humo. Wewe ukiwa mbele, mie nikiwa nyuma, tunafungua folda moja."

"Ina ufunguo?"

"Ufunguo wa nini tena? Ni ya nyumbani hii. Nimeiacha wazi kwa wote."

Folda yenyewe akaipa jina Nyumbani. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kujua pa kuishia, akamsimamisha Najat mbele ya kipaza sauti, mtoto wa miaka saba aliyejaa mapengo na furaha, akamwambia aseme neno moja. Tangu siku hiyo, mtu akiifungua ile folda, mbele au nyuma, mashine ya stoo humkaribisha kwa sauti ya Najat.

Talha alimwita mama yake aje asikilize. Bi Mwajabu alikuja na kanga yake begani, akasikiliza, akakunja uso.

"Mbona hajauliza nani?"

"Mama, ni mashine."

"Nasikia. Mimi huyu mjukuu, mke mwenzangu, nimemfundisha. Mtu akipiga hodi unauliza nani, ukimjua ndiyo unasema karibu. Hodi zikifika tatu hujamjua, kaa kimya, ataondoka. Sasa huyu anamkaribisha kila mtu, hata asiyemwona?"

Talha alicheka. Alimpenda mama yake na alimheshimu, lakini alicheka.

Familia ile ilipenda sauti, huo ndio ukweli. Kabatini mwa Bi Mwajabu kulikuwa na kaseti waliyoirekodi Najat akiwa na miaka mitatu, ya kumpelekea salamu mdogo wake Talha, Mudathir, aliyekuwa Maskati. Haikupelekwa. Katikati ya salamu bata wa jirani aliingia ukumbini, na mtoto, ambaye wakati ule ulimi ulikuwa bado hauiwezi "r", akamfukuza kwa kelele: "Toka! Nenda kwenu! Usiludi tena!" Wakairekodi nyingine. Hiyo iliyoharibika Bi Mwajabu alikataa isifutwe, na kila akiwa na majonzi huiweka kwenye redio kaseti yake akacheka peke yake.

Jioni ile Zubeda alimweleza mumewe habari ya karibu aliyoisikia.

"Ulisinzia," Talha alisema. "Kadi zimekuchosha."

"Sikusinzia, Baba Najat. Nilikuwa naandika jina la bwana harusi."

"Basi ni watoto wa nje."

Zubeda aliyaacha. Lakini siku iliyofuata aliisikia tena, na kesho yake tena, kila mara jua likiwa la utosi, kila mara mashine ikiwa imezimwa, na karibu ya mara hiyo ya tatu ilifuatiwa na harufu. Ilikuwa ikitoka stoo polepole kwa njia ya ukumbini, harufu ya manyoya ya kuku aliyetiwa maji ya moto. Alikwenda jikoni kuangalia. Hakuna aliyechinja, jiko limelala, na paka wa nyumba amesimama mlangoni pa stoo kajikunja mgongo, hataki kuingia wala kuondoka.

Alhamisi, kama desturi yake, Bi Mwajabu alitia ubani kwenye chetezo baada ya alasiri akaizunguka nyumba chumba kwa chumba, midomo ikisoma. Stoo alikaa zaidi kuliko kwengine kote, kama alivyofanya miaka yote bila kumwambia mtu sababu. Moshi ukajaa mpaka kile kitambaa cha maua kisionekane. Na ndani ya moshi ule, mashine ikiwa baridi kabisa, sauti ya Najat ikacheka, cheko fupi la mtoto aliyejificha mahali anapojua hatafutwi.

Chetezo kilimponyoka Bi Mwajabu, makaa yakasambaa sakafuni. Zubeda alikuja mbio. Alimkuta mkwewe amekaa chini kando ya makaa, kanga imejaa majivu, anatazama kasha la kompyuta.

"Najat yuko wapi?" Bi Mwajabu aliuliza kwa mnong'ono.

"Yuko uani, mama. Anaruka kamba."

"Umemwona?"

"Namwona hapa dirishani."

"Basi mwite. Nataka nimsikie."

Zubeda aliita. Mtoto aliacha kamba, akageuka, akafungua kinywa kuitika, na sauti iliyotoka ilikuwa imekauka, kama ya mtu aliyeamka na mafua. "Abee, mama." Akashika koo, akashangaa yeye mwenyewe.

Talha aliporudi hakucheka tena, maana hali ya mtoto aliisikia tangu mlangoni. Akaenda stoo, akawasha ile mashine, akaiwasha na ile ya ndani yake, akalitafuta faili la sauti aliyoirekodi. Liliwekwa neno moja tu. Sasa lilikuwa refu kiasi kwamba alilitazama mara mbili, akaangalia kama hajakosea jina. Zubeda alisimama nyuma yake amemshika bega. Akalifungua.

"Karibu," ilisema sauti ya Najat. Kimya. "Karibu ndani." Kimya kingine, na ndani ya kimya hicho mlio mdogomdogo wa kitu kinachonyonyolewa, unyoya baada ya unyoya. "Bibi analala chumba cha upande wa kulia. Mama yuko mbele, anaandika. Baba hayupo mchana. Mtoto yuko uani, anaruka kamba. Karibu. Nafasi ipo. Mtoto bado ana maneno mengi."

Talha alichomoa waya wa umeme ukutani kwa nguvu, hata plagi ikatoka na vipande vya lipu. Kioo kilizimika. Sauti haikuzimika.

"Mtoto bado ana maneno mengi," ilirudia gizani, taratibu, kama mtu anayeonja chakula.

Walitoka wote wawili kwa pamoja, wakabanana mlangoni, na Zubeda hakusimama mpaka alipomkuta Najat kitandani kwa bibi yake, akamkumbatia, akamwambia asome chochote, aimbe, aseme tu, ili ahakikishe bado yumo, na mtoto akajitahidi kwa ajili ya mama yake, akasema sentensi moja, kisha nusu sentensi, kisha midomo ikawa inacheza bila kitu kutoka, na macho yakamtoka kwa woga, akawa analia kilio ambacho hakikuwa na sauti hata chembe, machozi tu na kifua kinachopanda na kushuka.

Hospitali walimtazama koo kwa tochi, wakasema ni safi. Wakampa vidonge vya kufyonza. Zubeda aliisubiri sauti ya mwanawe kama mtu anayesubiri msafiri, kila asubuhi akimuuliza umeamkaje, na kila asubuhi mtoto akimjibu kwa kichwa. Lakini kule stoo, mashine ikiwa haina hata waya, sauti iliendelea kunenepa. Adhuhuri ilikuwa ikisoma hesabu za darasa la kwanza. Magharibi ilikuwa ikiita "Mama!" kwa namna ileile ya Najat akitaka maji, na Zubeda mara mbili alijikuta ameshainuka na kikombe mkononi.

"Naichoma," Talha alisema. "Naitoa uani naitia mafuta ya taa, yaishe."

"Huichomi," alisema mama yake. Alikuwa amekonda siku zile chache. "Kaa chini, Talha. Kuna neno sikuwaambia. Pale stoo palikuwa na mkaazi asiye binadamu tangu enzi za marehemu baba yako. Hakuwa na ubaya sana, alikuwa wa kupita na kurudi. Mimi nilikuwa namtuliza kwa ubani kila Alhamisi, na moshi ukimchosha anatoka, anakwenda zake, anarudi baada ya miezi. Miaka yote alikuwa hana pa kujificha. Wewe ukamjengea."

Talha aliutazama mlango wa stoo.

"Nyumba ndani ya nyumba," Bi Mwajabu aliendelea, "moshi haufiki, kisomo hakifiki, haina mtu, haina ufunguo, na mlangoni kuna mtoto anasema karibu. Nami huku nje namfukiza nikidhani namfukuza, kumbe namsukumia humo kwa mikono yangu."

Akaagiza aitwe Maalim Mfaume.

Maalim alitoka Chanika, mtu mfupi, mchangamfu, mwenye kupenda chai ya tangawizi, na alipofika alimpa Najat kombe la aya anywe kabla hajasalimiana vizuri na watu. Akasikiliza maelezo yote. Habari ya kompyuta isiyo na mwili alimwambia Talha airudie, akatikisa kichwa kwa mshangao wa kweli, akasema dunia imekuwa na vyumba vingi. Akaketi mbele ya kasha, akapiga hodi juu yake kwa kidole.

"Nani humu?"

"Nilikaribishwa," ilijibu sauti ya Najat kutoka ndani. Mama yake aliziba masikio.

"Na nani?"

"Na mwenye sauti hii."

"Sauti si yako. Irudishe."

"Nilikaribishwa," ikasema tena, na safari hii chini ya ile sauti ya mtoto palikuwa na kitu kingine kikivuta pumzi, na harufu ya manyoya ikapanda kiasi cha kumfanya Talha atapike kwenye ndoo.

Maalim alitoka nao ukumbini, uchangamfu umemwisha. "Kuchoma hapana. Ukichoma, unachoma na sauti ya mtoto, hatasema maisha. Ubani leo pia hapana, utamzamisha zaidi. Huyu atatoka kwa kuambiwa toka, na wa kumwambia ni yule aliyemwambia karibu. Mwingine hamsikii."

"Lakini Maalim," Zubeda alisema, "mtoto hana sauti. Sauti anayo huyo."

"Ndiyo," alisema Maalim. "Anajua. Ndiyo maana kaanza na sauti."

Zubeda aliketi sakafuni. Alilia kilio cha mama aliyefika mwisho wa ukuta, na Najat akaja akamfuta machozi kwa upindo wa gauni lake bila neno, jambo lililomliza zaidi. Ndipo Bi Mwajabu alipoinuka, akaingia chumbani kwake, na ikasikika milango ya kabati. Alirudi na redio kaseti kifuani.

"Bata," alisema. "Talha, yule bata!"

Talha alielewa kabla ya wote. Alirudisha umeme, akaziamsha mashine, ya nje na ya ndani, akaunganisha waya kutoka redio kaseti mpaka kwenye tundu la kipaza sauti. Maalim alifungua mlango wa mbele wa nyumba ukabaki wazi, akawaweka wanawake na mtoto pembeni mwa ukumbi, na akawaonya kwa sauti ya chini sana:

"Akitoka atapita hapa. Msimtazame. Na akishakuwa nje atapiga hodi. Naapa atapiga. Asiitikiwe. Hata aseme nini, asiitikiwe."

Talha alibonyeza. Kaseti ikaanza na salamu za Bi Mwajabu kwa Mudathir, hujambo mwanangu, sie huku wazima, na ndani ya kompyuta kile kitu kikaanza kucheka kwa cheko la Najat, kikacheka na kucheka, mpaka yaliposikika mabawa ya bata ukumbini na visigino vya mtoto wa miaka mitatu, na ile sauti ndogo iliyojaa hasira na amri: "Toka!"

Cheko likakatika.

"Toka! Nenda kwenu! Usiludi tena!"

Kilichofuata Zubeda hakukiona, alikuwa amefumba macho na kumficha mwanawe kifuani, lakini alikisikia, mlio wa kioo kinachopasuka na mlango wa stoo unaopigwa ukutani, kisha nyayo, si za mtu na si za mnyama, nyayo zenye unyevu zinazokuja ukumbini bila haraka, zikasimama mbele yao, na harufu ya manyoya mabichi ikamwingia mpaka kooni, akahisi kitu kinainama kumtazama mtoto aliyemkumbatia, kinainama kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta alichokisahau, na Maalim akisoma, na Bi Mwajabu akisoma, na yeye mwenyewe akisoma alichokijua na asichokijua, hadi pazia la mlango wa mbele likapepea kuelekea nje, na jua la alasiri likarudi sakafuni.

"Mama," Najat akasema.

Zubeda alimshika uso kwa mikono miwili. Nyumba nzima ilipiga vigelegele, hata jirani wakachungulia. Bi Mwajabu alianguka kusujudu palepale.

"Mama, usilie. Yule bata hatoludi?"

Wa kwanza kunyamaza alikuwa Zubeda. Alimwambia mtoto aseme tena. Najat akasema tena, na tena, kwa furaha ya kusikika, akasema jina la shule yake, akahesabu, na kila alichosema kilikuwa na akili ya mtoto wa miaka saba, lakini sauti ilikuwa ile ndogo, ya ulimi mzito, ya mtoto wa miaka mitatu.

Talha aliirudisha kaseti nyuma akaisikiliza. Salamu zilikuwepo. Mabawa ya bata yalikuwepo. Palipokuwa na mtoto palibaki mchakacho mtupu, na baada yake Bi Mwajabu wa miaka ile akicheka mpaka kukauka, akimcheka mtu asiyekuwepo.

Maalim aliifunga diski ya mashine katika kitambaa, akaondoka nayo kwenda kuizika Chanika. Hakunywa chai. Mlangoni alimgeukia Zubeda, akamwambia yule mgeni ameondoka na alichokuwa nacho mkononi, na kwamba mtoto kusema ni heri kuliko kutosema. Zubeda alishukuru, maana ilikuwa heri kweli.

Magharibi ile ile hodi ikapigwa.

"Hodi," ilisema sauti nje ya mlango. Sauti safi, ya mtoto wa miaka saba, yenye "r" zake zote. "Hodi hapa? Mama, ni mie. Mbona mmefunga, na mie naogopa giza?"

Hawakuitika. Hodi ya tatu ikapita, kukawa kimya. Ikarudi kesho yake, na kesho kutwa, na sasa ni desturi ya nyumba ile kwamba jua likizama Zubeda hukaa kitandani amempakata mwanawe na kumziba kinywa, kwa sababu Najat ni mtoto aliyefunzwa adabu na akisikia hodi jibu humtoka kabla hajafikiri. Talha huenda msikitini akachelewa kurudi. Bi Mwajabu huongeza sauti ya redio.

Najat shuleni wanamcheka. Wanamwita mtoto mchanga. Jana alirudi na daftari limechanika, akamwambia mama yake kwa kile kisauti kidogo kwamba hataki kwenda tena, na magharibi ilipofika hodi ilikuwa ya upole kuliko siku zote.

"Mama," ilisema. "Nimekuletea sauti yangu. Sema neno moja tu, niingie nimpe mwanao."

Zubeda aliihisi midomo ya mwanawe ikicheza chini ya kiganja chake, akakaza. Mkono wa pili alikuwa amemkumbatia nao, hawezi kuuachia. Hodi ya pili ikapigwa. Ikapigwa ya tatu, na nje kukawa na subira, na Zubeda akagundua kwamba kinywa cha mtoto kimezibwa vizuri, na chake mwenyewe hakina wa kukiziba.